Siku nne Sevilla na Bi Mkubwa: picha, vigae na sahani isiyo na nguruwe

Swali: Assalaam alaykum kaka. Mimi ni Mzanzibari, nafanya kazi hospitalini hapa Rotterdam. Mama yangu, miaka 67, anakuja kunitembelea mwezi wa Aprili kwa viza ya Schengen, na nimepata likizo ya siku nne. Nataka nimpeleke kusini mwa Hispania. Mimi napenda picha za wachoraji wa zamani, yeye anapenda kula, na magoti yanamsumbua. Nguruwe hatuli, pombe hatunywi. Wenzangu kazini wanasema tupite Málaga, Granada, Córdoba na Sevilla. Tutaweza? Na mama atakula nini kwa watu wanaotundika mapaja ya nguruwe dirishani?

Jibu: Waalaykum salaam dada, na Bi Mkubwa nampa shikamoo yake mapema.

Hao wenzako wana magoti mazima. Miji minne kwa siku nne si matembezi, ni kuhamahama: kila asubuhi mnafunga mabegi, kila jioni mnatafuta hoteli, na chakula cha mchana mnakula kituo cha treni. Nendeni Sevilla, mlale humo humo siku zote. Granada ni mji wa vilima, na Alhambra yenyewe iko juu. Málaga ngome yake nayo iko juu. Sevilla imetandikwa kama jamvi kando ya mto Guadalquivir, na mtu wa magoti anaweza kutembea mtaa hadi mtaa bila kupanda kitu. Tena, unachokipenda wewe na anachokipenda mama yako, Sevilla vimeketi meza moja. Meza hiyo ipo kweli, nitaifikia.

Kabla ya kukata tiketi, tazama kalenda ya Wakristo. Juma Takatifu, lile linaloishia Pasaka, mji hujaa maandamano mchana na usiku, njia za katikati hazipitiki, na bei za hoteli hupaa. Kiasi cha wiki mbili baada ya Pasaka huja Feria de Abril, yenye mahema zaidi ya elfu moja, lakini mengi ni ya familia na vyama. Mgeni asiye na mwenyeji hubaki nje akitazama farasi wa watu. Tafuteni siku zilizo kati ya hizo mbili. Mchana ni jua la nyuzi 22 au 23, usiku hushuka hadi 11 hivi, kwa hiyo sweta la Bi Mkubwa lisisahaulike.

Mkiwahi mwanzoni mwa Aprili mtakuta bado harufu ya maua kwenye miti iliyopandwa kila barabara. Watalii huiita michungwa. Ni midanzi. Mwambie Bi Mkubwa neno hilo moja tu naye atakufahamu upesi, maana danzi analijua. Kila mwaka namwona mgeni mmoja akichuma tunda, akilimenya kwa furaha, kisha akitafuta pa kutemea.

Sasa picha. Mahali pako ni Museo de Bellas Artes, makumbusho ya sanaa iliyo ndani ya nyumba ya watawa ya zamani. Jumatatu hufungwa. Nalisema hili kwa uchungu: mwaka wangu wa kwanza wa kuongoza wageni nilifika na watu tisa mlangoni siku ya Jumatatu, mmoja wao amesafiri kwa ajili ya picha moja tu, na Jumanne alfajiri ndege yake ikaondoka. Jumapili hufunga mapema, mchana. Raia wa Umoja wa Ulaya huingia bure. Bi Mkubwa kwa pasi yake ya Tanzania atalipa yuro moja na nusu, asikasirike.

Usizunguke vyumba vyote. Nenda moja kwa moja kwenye picha ya mchoraji Zurbarán iitwayo *San Hugo en el refectorio de los Cartujos*, simama mbele yake robo saa. Kisa chake ni cha chakula. Watawa saba wa mwanzo wa shirika la Wakartusi waliletewa nyama na askofu Hugo, siku chache kabla ya Kwaresima. Wakaanza kubishana: tule au tusile? Katikati ya ubishi usingizi ukawachukua wote, na inasemekana walilala hapo hapo mezani Kwaresima nzima. Askofu aliporudi ndipo wakaamka, na nyama ikawa majivu. Tangu hapo, wanasema, Wakartusi hawali nyama.

Zurbarán hakuchora muujiza wenye mwanga na malaika. Amechora meza. Kitambaa chake kimeshuka hadi chini na mikunjo yake bado inaonekana, kama kimetolewa kabatini asubuhi ile. Kila mtawa ana mkate wake na bakuli lake. Kuna visu vilivyoachwa, bakuli limefunikwa kifudifudi, na magudulia mawili meupe yenye maua ya buluu. Weupe wa kitambaa, weupe wa majoho na weupe wa udongo, kila mmoja una rangi yake. Mama yako ambaye hapendi picha ataisoma hii, kwa sababu ni picha ya watu walioketi mbele ya nyama wakijiuliza kama ni halali yao.

Ukisogea karibu utaona nembo kwenye magudulia yale. Ni ya Gonzalo de Mena, askofu mkuu wa Sevilla aliyeanzisha monasteri ya Wakartusi ng'ambo ya mto, karibu mwaka 1400. Picha ilichorwa kwa ajili ya monasteri hiyo. Liweke jina lake kichwani, tutakutana naye tena mara mbili.

Ukumbi mkubwa, uliokuwa kanisa, una picha za mchoraji Murillo alizowachorea watawa Wakapuchini katika miaka ya 1660. Tafuta ile ndogo ya Bikira na Mtoto, *Virgen de la Servilleta*, Bikira wa kitambaa cha mkono. Hadithi ya mjini ni kwamba mtawa alimwomba Murillo ukumbusho, naye akamchorea juu ya kitambaa cha mezani. Si kweli, ni turubai kama nyingine. Lakini mtoto yule anavyojitupa mbele kama anataka kutoka kwenye fremu, Murillo alikuwa mtu aliyelea watoto. Bi Mkubwa akichoka na watakatifu, mketishe ua wa ndani: kuna kivuli, maji, na kuta za vigae vya rangi vilivyotolewa kwenye nyumba za watawa. Wapo wanaokuja kwa vigae hivyo tu.

Velázquez, ambaye najua utamuuliza, alizaliwa Sevilla mwaka 1599, ila mji wake umebaki na picha zake chache sana. Mwaka 1618 alichora bibi kizee anakaanga mayai, na leo iko Edinburgh. Amechora pia kijakazi wa Kiafrika jikoni, na moja ya picha hizo iko Dublin. Kijakazi yule hakutoka kichwani mwa mchoraji. Sevilla ya wakati huo ilikuwa na maelfu ya Waafrika, wengi watumwa. Na hapa anarudi Gonzalo de Mena: mwishoni mwa karne ya 14 aliwaanzishia Waafrika wa mji udugu wao wa dini, uliokuja kuitwa Los Negritos. Upo hadi leo, ingawa ndugu wake sasa karibu wote ni weupe, na kila Alhamisi Kuu hutoka kwa maandamano. Kanisa lao dogo, Capilla de los Ángeles, liko barabara ya Recaredo. Halitajwi sana kwenye vijitabu vya utalii. Nikiwa na mgeni kutoka kwetu simpitishi Sevilla bila kufika pale, hata kama ni kusimama nje tu.

Siku ya pili iwe ya Real Alcázar, kasri la wafalme. Tiketi nunueni mtandaoni mapema, chagueni saa ya kufungua, saa tatu na nusu asubuhi, na mbebe pasi kwa sababu jina hukaguliwa. Ukivuka ua mkubwa utaikuta sura ya jumba alilojenga mfalme Pedro wa Kwanza katika miaka ya 1360. Huyu alikuwa Mkristo, tena mfalme wa Castilla, lakini alipotaka nyumba nzuri aliwaita mafundi Waislamu, wakiwemo wa Granada kwa rafiki yake sultani Muhammad wa Tano. Juu ya madirisha kuna ukanda wa vigae vya buluu na vyeupe. Watu husimama chini yake, hupiga picha, husema "urembo ulioje," huenda zao. Ule si urembo. Ni khati ya Kikufi, na imeandikwa mara nane: *wa la ghaliba illa Allah*, hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu. Ndiyo kauli ya masultani wa Granada, imewekwa mlangoni kwa mfalme wa Kikristo.

Mpe Bi Mkubwa muda hapo. Kama alisoma chuoni utotoni, ataanza kuitafuta alif na lam. Asivunjike moyo asipoiona mara moja: herufi zimenyooshwa kama mistari ya rula, na nusu ya maneno yamegeuzwa kama yanajitazama kwenye kioo. Ndani, kwenye chokaa iliyochongwa, khati ni ya kawaida zaidi, na huko Pedro mwenyewe anaitwa sultani. Niliwahi kufuatana na mzee mmoja wa Lamu mle ndani. Alitembea na kidole hewani akisoma ukuta kwa sauti ya chini, na baada ya robo saa alikuwa na kundi la Wajerumani nyuma yake, kubwa kuliko langu. Bustani zina mabenchi mengi. Msitoke kabla ya saa sita.

Kanisa kuu liko hapo jirani. Mnara wake, Giralda, ulijengwa mwishoni mwa karne ya 12 kuwa mnara wa adhana wa msikiti mkuu. Ndani karibu hauna ngazi, una njia za mteremko 35, ili mwadhini apande kwa mnyama. Kwa magoti ni afadhali kuliko ngazi, lakini 35 ni nyingi. Wewe panda, yeye akungoje ua wa midanzi, ambao nao ulikuwa ua wa msikiti.

Haya, chakula, maana Bi Mkubwa kanivumilia vya kutosha.

Saa kwanza. Mchana hawali kabla ya saa saba na nusu, na saa nane ndiyo saa yenyewe. Jikoni nyingi hufunga saa kumi, kisha hakuna kitu hadi saa mbili na nusu usiku. Msilazimishe saa zenu. Asubuhi mle mkate wa kuchoma wenye nyanya iliyosagwa na mafuta ya zeituni, *tostada con tomate y aceite*, mchana mle kweli kweli, alasiri mlale, usiku sahani ndogo mbili tatu zinatosha.

Nguruwe anayeonekana hana tabu. Paja lililotundikwa unaliona, unalikwepa. Tabu ni yule aliyejificha. *Salmorejo*, supu nzito baridi ya nyanya na mkate, huja na vipande vya *jamón*, lile paja la nguruwe lililokaushwa, juu. *Manteca* ni mafuta ya nguruwe: hupakwa kwenye mkate asubuhi, na ndiyo inayofanya biskuti za *mantecados* na *polvorones* zimung'unyike. Ukisema "sin carne," bila nyama, kuna wahudumu ambao kwao jamón haihesabiki nyama, watakuletea huku wanatabasamu. Niliwahi kuletewa salmorejo "bila jamón" ambayo dhahiri jamón ilichotwa kwa kijiko pale pale kaunta. Basi sema yote matatu, pole pole: *no comemos cerdo, ni jamón, ni manteca*. Kwa vyakula vya mchuzi ongeza *¿lleva vino?*, kina mvinyo? Nyama ya ng'ombe na kuku hapo haijachinjwa kwa utaratibu wetu. Wageni wangu Waislamu wengi huiacha kabisa wakala samaki, na hakuna aliyerudi amekonda.

Anzeni na *cazón en adobo*. Cazón ni papa mdogo. Ndiyo dada, papa! Hukatwa vipande, hulazwa kwenye siki, kitunguu thomu, uzile na majani ya oregano, hupitishwa kwenye unga, hukaangwa. Ukikipasua kipande cha moto, mvuke wa siki na uzile unakupanda puani kabla hujaonja. Kuleni kwenye *freiduría*, duka la kukaanga samaki. Hata hivyo uliza kama mafuta yale yale hayapiti *croquetas*, vidonge vya rojo vya kukaanga, maana hizo mara nyingi zina jamón ndani. Ukiziona *tortillitas de camarones* agiza: ni uduvi ndani ya rojo la unga wa dengu na ngano, kikaango kinazifanya nyembamba kama lesi. Bi Mkubwa atasema ni bajia zilizokosea njia.

Kisha *espinacas con garbanzos*, spinachi na dengu. Hiki ndicho chakula cha Sevilla ninachokitetea mbele ya yeyote. Mkate hukaangwa kwa thomu, husagwa pamoja na uzile, siki na pilipili nyekundu isiyowasha, halafu spinachi na dengu huiva humo hadi mafuta yapande juu. El Rinconcillo, baa iliyopo tangu 1670, inasifika kwa sahani hii, na mhudumu huandika hesabu yako kwa chaki juu ya mbao ya kaunta, ukilipa anaifuta kwa kiganja. Ni baa kweli, mapaja yananing'inia juu ya vichwa na mvinyo unamiminwa. Sevilla ukitaka chakula cha wenyeji huwezi kukwepa mahali panapouza bia. Bi Mkubwa akiona uzito, kaeni meza za nje, mahali popote penye espinacas. Zipo kila mtaa.

Mtacheka na menyu. *Aceituna* ni zeituni, *azúcar* ni sukari, *azafrán* ni zafarani. Hata *hasta* yao, yenye maana ya hadi, ni ndugu wa "hata" yetu: baba yao Mwarabu mmoja.

Siku ya tatu vukeni mto kwenda Triana, mtaa wa wafinyanzi. Soko lake limejengwa juu ya magofu ya ngome iliyokuwa makao ya mahakama ya dini, Inkwizisheni, na magofu hayo yapo chini ya vizimba vya samaki. Jirani ni Centro Cerámica Triana, kiwanda cha zamani kilichogeuzwa makumbusho, matanuri yake yakiwa wazi kutazamwa. Baada ya kuona vigae vya Alcázar, hapa ndipo utajua rangi zilizuiliwaje zisichanganyike motoni: mstari mwembamba wenye mafuta huchorwa kati ya rangi na rangi, na mafuta na maji hayaelewani.

Kutoka hapo chukueni teksi, kaskazini kwa kufuata mto, hadi Cartuja. Hii ndiyo monasteri ya Gonzalo de Mena, mara ya mwisho kukutana naye. Watawa walitolewa, na mwaka 1841 Mwingereza Charles Pickman akaigeuza kiwanda cha sahani na vikombe. Madohani yake yaliyotuna kama chupa bado yamesimama kati ya makanisa. Leo ni makumbusho ya sanaa ya kisasa. Sanaa ya kisasa yenyewe siku nyingine inanipita, lakini kusimama mahali ambapo meza ile ya Zurbarán ilikuwa nyumbani kwake, kisha ukakumbuka kwamba hapo hapo pakaja kufinyangwa sahani za nusu ya Andalusia, si jambo la kuliacha.

Córdoba? Najua Bi Mkubwa akisikia kuna msikiti wa mwaka 785 atataka kuuona. Treni ya kasi ni dakika 45, na msitu ule wa nguzo na matao mekundu na meupe unastahili. Mwambie mapema kwamba sasa ni kanisa kuu, na kuswali Kiislamu ndani hakuruhusiwi; walinzi humzuia mtu hata akiinua mikono. Kama hilo litamuumiza, heri mkae Sevilla mrudie espinacas. Granada achaneni nayo safari hii.

Viza yake ya Uholanzi inamfikisha Hispania bila karatasi nyingine ilimradi siku zake hazijaisha, kwani hamtoki nje ya Schengen. Pasi atembee nayo, si nakala.

Asubuhi ya kuondoka nendeni convento ya San Leandro mkanunue *yemas*, vitamu vya kiini cha yai na sukari, visivyo na manteca. Watawa wa kike wa humo hawaonekani. Ukutani kuna kabati la mbao la mviringo linalozunguka. Mnabonyeza kengele, inatoka sauti ya kikongwe, mnasema *una caja, por favor*, mnaweka pesa kwenye kabati, linageuka taratibu likilia kidogo, na linaporudi lina sanduku na chenji. Mwache Bi Mkubwa ndiye aweke pesa.